Mama Suuza na Chumvi ya Presha

Pale chuoni walikuwapo watu walioweza kukuambia jua lina umri gani, na wengine walioweza kukueleza kwa ufasaha kwa nini ombi lako la kiti halijajibiwa tangu mwaka juzi. Lakini mtu aliyeweza kuangalia alama ya tone la maji juu ya chuma na kukuambia limetoka chupa gani, nani kalimimina, na wakati analimimina alikuwa akiwaza nini, alikuwa mmoja tu. Huyo ni Mama Suuza.

Jina lake la kwenye kitambulisho hata ofisi ya utumishi ilishalipoteza. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mwoshaji wa Maabara ya Seli za Jua, ghorofa ya chini, mlango wa mwisho kushoto, ule wenye tangazo la USIINGIE ambalo watu hulisoma wakiwa wameshaingia. Alikuwa na sinki lake la chuma, stuli yake, glavu zake, na mdomo wake. Kabla kitu chochote hakijaingia kwenye tanuri, kilipita kwanza mikononi mwake: sabuni, maji ya bomba, spiriti, kisha maji yaliyokenekwa, yasiyo na chembe wala ladha, kutoka kwenye chupa nyeupe ya kubinya yenye shingo iliyopinda, halafu upepo mkavu. Akimaliza hukiinua kwenye mwanga wa dirisha, akafumba jicho moja, akakikagua kama mama mkwe anavyokagua sufuria za mke wa mwanawe. Kikimridhisha, huguna. Mguno ule ulikuwa na nguvu kuliko muhuri wa chuo.

Seli za pale hazikuwa zile paneli nene za bluu zinazokaa juu ya mapaa. Zilikuwa za utando mwembamba. Shaba, indiamu, galiamu na seleniamu hupikwa pamoja ndani ya tanuri lililonyonywa hewa yote, mvuke wake ukatua juu ya kipande kilichooshwa, na kinachobaki ni ngozi nyeusi, nyembamba kama unywele mmoja uliopasuliwa mara thelathini. Ngozi hiyo ndiyo inayokula jua na kutema umeme. Tanuri hufungwa saa tano asubuhi na kufunguliwa kesho yake, nalo likishafungwa halibembelezeki. Hata Profesa mwenyewe aliwahi kusahau humo kalamu yake ya zawadi, na kesho yake akaitoa ikiwa nyeusi na haiandiki.

Miaka yote utando ule ulipakwa juu ya kioo cha kawaida, kioo cha dirishani. Seli zikatoa asilimia kumi na moja. Si za kutikisa dunia, lakini ni asilimia za mtu mwenye heshima zake. Kisha Profesa akaenda kwenye kongamano na kurudi na neno jipya: kunyumbulika. Kila sentensi yake ikawa inanyumbulika. Vioo vikatolewa nje, zikaletwa karatasi za chuma kisichoshika kutu, laini kiasi cha kuzisokota mkononi. Na kweli, seli zilikunjika. Zilikunjika kwa namna ya kupendeza kabisa. Kilichozishinda ni kutoa umeme tu.

Asilimia sita. Tano na nusu. Sita. Tano.

Profesa, mtu aliyeandika makala themanini na nne na hajawahi kuipata miwani yake bila msaada, alitafakari jambo hilo miezi minne. Mwisho akashuka maabara, akasimama nyuma ya stuli ya Mama Suuza, akakohoa.

"Mama, nimefikia hitimisho. Ni uchafu."

Mama Suuza akageuka polepole. "Uchafu wa nani?"

"Siyo wa mtu, Mama. Uchafu kwa ujumla."

"Profesa, hapa kwangu hakuna uchafu kwa ujumla. Kama upo, una mwenyewe, na mwenyewe kaingia na viatu vya nje."

Profesa akatazama viatu vyake, akaona ni vya nje, akaondoka. Lakini wiki haikwisha barua ikaja: Kamati ya Maabara itaketi Alhamisi saa nne kujadili kumhamishia mwoshaji kwenye Bohari la Viti, na mahali pake kuwekwa mashine ya kisasa.

Bohari la Viti! Mama Suuza alilijua lile bohari. Ni banda ambako viti vilivyovunjika vinasubiri viti vingine vilivyovunjika. Hakuna cha kuosha humo, hakuna wa kukaripia, hakuna hata dirisha la kuinulia kitu ukakikagua. Na kilichomkera kuliko yote ni sababu. Umtoe mtu kwa uzee, sawa. Umtoe kwa ukali, sawa kabisa. Lakini umtoe yeye kwa uchafu?

Jumapili nzima alimhutubia mumewe, fundi cherehani aliyestaafu, mtu mpole, mwenye presha na subira. Alihutubia akipika, akafua huku akihutubia. Kufikia Jumatatu asubuhi sauti ilikuwa imekata na koo linawaka kama limepigwa msasa.

"Sukutua kwa maji ya chumvi, mke wangu," mumewe akasema, na furaha yake ya kupata ukimya akaificha vizuri sana. Akamchanganyia mwenyewe maji ya moto. Akatafuta chombo cha kubebea, akakiona kimoja karibu na dirisha: chupa nyeupe ya kubinya yenye shingo iliyopinda, ambayo maabara iliitupa na Mama Suuza akaichukua kumwagilia maua. Akaisuuza, akajaza.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwanamke aliyeweza kumtambua mtu kwa tone lake aliingia kazini na chupa ya kusukutulia iliyofanana na chupa ya kazi kama pacha, akaiweka juu ya rafu ileile, hatua mbili kutoka kwa mwenzake.

Siku hiyo zilikuwa karatasi sita. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, mguno, mguno, mguno, ingawa kwa koo lile miguno ilitoka kama mlango wa kabati. Alipokuwa kwenye ya nne akaingia Bado Kidogo. Huyu alikuwa mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa saba, binti mrefu asiyejua kutembea bila kugonga kitu, na aliitwa Bado Kidogo kwa sababu hilo ndilo jibu alilompa kila aliyemuuliza anamaliza lini.

"Shangazi, umesikia? Wameshachapisha ajenda. Uko namba tatu, baada ya suala la pazia."

"Baada ya pazia?" Mama Suuza akanong'ona kwa hasira. "Miaka kumi na tisa, mimi nije baada ya pazia?" Akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, akashika shingo iliyopinda, akabinya kwa uchungu wote aliokuwa nao. Karatasi ya nne ikaoga. Akaikausha, akazimalizia ya tano na ya sita kwa chupa iliyokuwa karibu, ambayo safari hii ilikuwa ndiyo ya kazi, na zote sita zikaingia tanurini.

Nusu saa baadaye koo likamkumbusha. Akachukua chupa aliyodhani ni yake, akainua uso juu, akajimiminia, akasukutua. Akasita. Akatema. Akajimiminia tena.

Hayana ladha. Hayana ladha hata ya kusingiziwa. Maji yale yalikuwa matupu kama maneno ya ajenda.

Akaichukua ile chupa nyingine, akagusisha tone kwenye ulimi. Chumvi!

Mara moja akaimwaga yote sinkini, akaisuuza mara saba, akaketi kwenye stuli na kutazama tanuri. Tanuri lilikuwa limefungwa na linanguruma. Humo ndani, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi, kulikuwa na uchafu, na uchafu ule ulikuwa na mwenyewe.

Jumanne alikuja amevaa nguo ya kanisani, kama mtu anayetaka kufukuzwa akiwa nadhifu. Bado Kidogo akazipanga seli chini ya taa kubwa inayoigiza jua, akaunganisha nyaya, akaanza kusoma mita kwa sauti ya mtu anayeita mahudhurio.

"Ya kwanza, tano nukta nane. Ya pili, sita. Ya tatu, tano nukta tisa." Mama Suuza akafumba macho. "Ya nne..." Bado Kidogo akaigonga mita. Akachomoa waya, akauchomeka upya. Akazima taa, akaiwasha. "Ya nne, kumi na mbili nukta nne."

"Ngapi?"

"Shangazi, kumi na mbili nukta nne! Mara mbili! Shangaziii!" Akaruka, akagonga kichwa kwenye taa, akaendelea kuruka.

Profesa alisikia kelele toka ghorofa ya pili akateremka mbio, miwani mfukoni, akiitafuta. Alipoonyeshwa mita alikaa chini sakafuni kabisa, na suti yake. Kisha akainuka, akaikamata mikono ya Mama Suuza, glavu na yote.

"Mama! Unaona? Nilisema mimi! Ni usafi! Hii ya nne umeiosha kwa moyo. Nakuomba, nyingine tano, uzioshe hivyohivyo. Ukizileta hivyo, Alhamisi mimi mwenyewe nitaiambia kamati hakuna mashine duniani inayokufikia."

Mama Suuza akafungua kinywa. Alitaka kukiri, akalitazama sinki lake. Alikuwa amepewa sinki lake tena, na alichotakiwa kufanya ni kuguna.

Akaguna.

Kisha akaenda jikoni kwa wafanyakazi, akachukua kopo la chumvi nyuma ya majani ya chai, akalificha ndani ya koti kama mwizi wa dhahabu. Chumvi ni chumvi, alijiambia. Akakoroga, akaonja, akakoroga. Karatasi nne akazinyunyizia kiasi. Ya tano, kwa kuwa ameshakuwa mhalifu kamili, akaimwagia kwa ukarimu.

Jumatano mita ikasema: kumi, tisa nukta nane, kumi na moja, kumi. Ile ya tano haikusema kitu, kwa sababu ngozi yake nyeusi ilikuwa imebambuka yote na kujikunja pembeni kama maganda.

"Ni nzuri," Profesa akasema, akizunguka meza. "Ni nzuri mno. Lakini kumi na mbili iko wapi? Na hii imeingiwa na nini? Mama, siku ile ya Jumatatu ulifanya nini ambacho jana hukufanya?"

"Nilikasirika," Mama Suuza akajibu, na hilo halikuwa uongo.

Profesa akaliandika kwenye daftari.

Alipomwona analiandika, neno KASIRIKA, na mstari chini yake, Mama Suuza alijua mchezo umefika pabaya. Akaona mbele yake miaka mingine kumi na tisa ya watu wenye shahada wakimtia hasira kwa makusudi ili kupata asilimia mbili nukta nne.

Alhamisi, saa nne. Kamati ilikuwa na watu saba na pazia moja. Mwenyekiti alikuwa Mkuu wa Idara, mtu wa taratibu hasa, aliyewahi kuahirisha zoezi la kuzima moto kwa kuwa moto haukuwamo kwenye ajenda. Pazia likachukua dakika arobaini. Kisha Profesa akasimama kumsifu mwoshaji wake, akafika mpaka kwenye "usafi usio wa kawaida", na hapo Mama Suuza, aliyekaa kwenye kiti cha mlangoni, akapiga moyo konde.

"Profesa, kaa chini baba. Unanisifia nisichokifanya."

Vichwa saba vikageuka.

"Ile ya nne haikuwa safi. Ndiyo iliyokuwa chafu kuliko zote nilizowahi kugusa. Niliisuuza kwa maji yangu ya kusukutulia koo. Maji ya chumvi. Chupa zilifanana. Na zile tano nilizitia chumvi ya jikoni kwa mkono wangu, kwa siri, kwa sababu sikutaka kwenda kwenye viti. Basi."

Mkuu wa Idara akavua kofia ya kalamu. "Kwa hiyo unakiri kuchafua sampuli."

"Nakiri."

"Na Profesa alikuwa sahihi kwamba tatizo ni uchafu."

"Hakuwa sahihi hata chembe! Zile safi ndizo zilizotoa sita. Wekeni hiyo mashine yenu. Itawaoshea vizuri sana. Itawapa sita iliyo safi kabisa."

Kikasikika kishindo. Bado Kidogo, aliyekuja kuandika muhtasari, alikuwa amesimama ghafla na kiti chake kimeanguka.

"Kioo!" akapiga kelele. "Profesa, kioo! Kioo cha dirisha kina soda ndani yake! Tulipokuwa tunapika, sodiamu ilikuwa inapanda kutoka kwenye kioo inaingia kwenye utando, yenyewe, miaka yote, sisi tukadhani ni akili zetu! Tulipoleta chuma tukaikata. Chuma hakina sodiamu. Shangazi ameirudisha! Kidogo inaponya utando, ikizidi unabambuka. Imo kwenye vitabu, Profesa. Imo kwenye sura yangu ya pili!"

"Sura yako ya pili?" Profesa akasema kwa sauti ndogo. "Ile niliyosema nimeisoma?"

"Hiyohiyo."

Mtu mmoja wa kamati akaanza kucheka akajifanya anakohoa. Profesa akashika kichwa, akatafuta miwani, Mama Suuza akamwonyesha mfuko. Alipoivaa akaonekana mtu mwingine. "Sawa. Sodiamu inaeleza kumi. Kumi tunaielewa. Lakini kumi na mbili! Mama, yale maji ya kwanza yako wapi?"

"Niliyamwaga."

"Umeyamwaga?" Ilikuwa sauti ya mtu aliyeambiwa nyumba yake imepigwa mnada.

"Nikasuuza na chupa. Mara saba."

"Yalikuwa na chumvi gani?"

"Chumvi ni chumvi, Profesa. Alichanganya mume wangu." Na hapo, kabla taratibu hazijamzuia, akatoa simu, akapiga, akaiweka mezani kwa sauti kubwa. "Baba, yale maji ya koo, ulitia nini?"

"Wewe, sauti imerudi?" simu ikauliza kwa masikitiko ya wazi. "Chumvi. Kijiko kimoja na nusu. Kile kijiko kilichopinda."

"Chumvi ipi?"

"Ipi tena, mke wangu? Ile nyingine si umenificha tangu daktari aliponipima? Niliitafuta mpaka kwenye ndoo ya mchele. Nimetia yangu, ya wagonjwa wa presha. Kwani imekudhuru?"

"Mzee, shikamoo," Bado Kidogo akadandia meza kwa viwiko. "Tafadhali nisomee pakiti. Nyuma. Maandishi madogo."

"Marahaba. Subiri nivae miwani." Kamati nzima ikasubiri mzee avae miwani. Mkuu wa Idara alikuwa ameinamia simu hata tai yake imeingia kwenye chai. "Haya. Nusu, kloridi ya sodiamu. Nusu, kloridi ya po... pota..."

"Potasiamu!" wakapiga kelele watu wanne kwa pamoja.

"Hiyo. Nyie ni akina nani?"

Kilichofuata hakikuandikwa kwenye muhtasari, kwa sababu mwandishi wa muhtasari alikuwa juu ya meza. Bado Kidogo alikuwa akicheza viatu mkononi na kutangaza kwamba sodiamu na potasiamu ni ndugu, ukoo mmoja wa alkali, mmoja anafanya kazi hii na mwenzake ile, na kwamba baada ya miaka saba tasnifu yake imetiwa chumvi kihalali. Profesa alimkumbatia mjumbe aliyeleta suala la pazia. Mumewe Mama Suuza aliendelea kuuliza kwenye simu kama wote wana presha.

Mkuu wa Idara alirejesha amani kwa kugonga meza na kikombe. "Kuna hoja mbele yetu! Mwoshaji amekiri kuchafua. Kanuni inasema anayechafua sampuli anaondolewa kwenye sinki."

Giza likamshuka Mama Suuza usoni. Ilikuwa kweli, kanuni ile aliipigia kelele yeye mwenyewe iwekwe, mwaka ule mwanafunzi mmoja alipoosha glasi ya juisi humo.

"Mkuu," Profesa akasema taratibu, "tukimwondoa, nani atatuchafulia?"

Mkuu wa Idara aliigeuza karatasi ya kanuni, akaitazama na upande wa nyuma kama huenda kuna msaada. Hatimaye akatamka kwamba kanuni inahusu uchafu usio na maelezo, na kwamba uchafu huu una maelezo, tena sura nzima. Mikono saba ikapanda. Mwoshaji abaki sinkini, mashine isiagizwe, na karatasi zisuuzwe mwisho kwa maji ya chumvi ya presha chini ya usimamizi wake.

"Kwa kipimo kipi?" akauliza wa pazia.

"Kijiko kilichopinda kimoja na nusu," simu ikajibu.

"Kipi hicho, mzee? Gramu ngapi?"

"Gramu! Mimi fundi wa nguo. Unatia mpaka mtu akisukutua, koo liseme basi."

Ijumaa asubuhi mzee alileta pakiti na kijiko mwenyewe, lakini kijiko kilikuwa kimepinda kiasi kwamba kila aliyekipima alipata jibu lake. Ikabidi watafute kwanza kwa koo, ndipo wapime kwa mizani. Bado Kidogo alipanga vikombe vitano vya karatasi vyenye nguvu tofauti, akaviandika namba. Profesa, mwenye makala themanini na nne, alisimama mbele ya sinki la chuma bila koti, amefunikwa taulo kifuani, uso umetazama dari, anasukutua kikombe cha tatu kwa sauti ya pikipiki inayokataa kuwaka. Mama Suuza alikuwa kwenye stuli yake, glavu mkononi, akimsikiliza kwa makini kama fundi injini.

"Hicho ndicho," akasema. "Nausikia mlio wake. Bado Kidogo, andika cha tatu."

Profesa akaanza kuinama, mashavu yamejaa, macho yakiuliza.

"Tema hapo pembeni, baba. Siyo hapo! Hapo ni pa kusuuzia."